Dizeli ya zamani inavuja, nimebadilisha mipira yote ya ritani na bado inadondosha. Nianzie wapi?

KifaruChuma
Wakuu, habari za kazi. Nina injini ya dizeli ya silinda 4, ya mwaka 1988, yenye pampu ya mzunguko. Ni ile fupi ambayo paipu 4 zinatokea nyuma yake kwa duara, si ile ndefu iliyopangwa mstari. Umeme pekee kwenye pampu ni wa soleno ya kuzimia (vali ya umeme inayokata mafuta).

Tangu mwezi uliopita nikisimama nasikia harufu ya dizeli, na asubuhi nakuta doa la ukubwa wa sahani chini ya injini. Mipira ya ritani (inayorudisha dizeli iliyozidi) juu ya nozo, vile vipulizia mafuta, ilikuwa imepasuka kama kisigino cha kiangazi, nikaibadilisha yote. Nikabadilisha na filta pamoja na washa zake (zile pete bapa za kuzibia). Doa limepungua ila halijaisha.

Jambo la pili: asubuhi inawaka vizuri, inakimbia sekunde 3 hivi, halafu inakohoa na kutaka kuzima, kisha inatulia. Mchana haina tatizo lolote.

Mimi nashuku mafuta ya siku hizi. Injini imekaa miaka zaidi ya 30 bila kuvuja, leo kila sili inatoa machozi. Sulfa imetolewa, mpira unakufa. Nani amepitia haya?

Nati17
Mkuu, kwanza acha kununua vitu. Osha injini. Chukua brashi na dizeli kidogo au sabuni ya kukata mafuta, sugua pampu, nozo, filta na paipu zote mpaka chuma kionekane. Kausha kwa upepo wa kompresa. Kisha nyunyizia poda ya watoto au unga wa chaki sehemu zote hizo, washa injini dakika 5, uzime na uangalie kwa tochi. Poda iliyolowa inageuka rangi, utaona mstari ulipoanzia.

Dizeli ni mnyevu wa kutambaa. Inaweza kutoka juu ya nozo ya 3, ikafuata paipu hadi kwenye kona ya chini, ikadondokea pampu, ukadhani pampu ndiyo mwizi. Tafuta palipo juu kabisa kwenye unyevu. Pale unapoona tone ni mwisho wa safari yake.

MamaTrekta
Nati17 amesema kweli tupu. Nilibadilisha gasketi ya fidi pampu (ile inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi) mara mbili, kumbe mvujo ulikuwa kwenye bolti ya filta, futi moja juu yake.

KifaruChuma, umepima oili? Chomoa kijiti uangalie kama kiwango kimepanda, na unuse. Kuna mvujo usiodondoka chini hata siku moja.

KifaruChuma
Oili iko kwenye alama, hainuki dizeli. Lakini kwa nini ipande?

MamaTrekta
Kwa sababu fidi pampu ya injini nyingi za zamani imefungwa ubavuni mwa bloku na inasukumwa na kemushafti. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Kiwambo kikitoboka, dizeli inaingia moja kwa moja kwenye oili. Kwenye trekta langu kiwango kilipanda upana wa kidole juu ya alama ya mwisho, nami nikafurahi kwamba injini haili oili! Siku nilipoimwaga ilitoka nyepesi kama maji ya mchele.

Pia pampu inayoendeshwa kwa gia ikifa sili ya mbele, dizeli inaingia kwenye boksi la gia za taimingi na kushuka hadi chini kwenye oili. Kwa hiyo ukiona chini pakavu, bado chomoa kijiti. Oili iliyochanganyika inakula beringi, na ikizidi sana injini inaweza kuanza kujilisha oili yake yenyewe, ikapandisha mizunguko na kukataa kuzima hata ukifunga mafuta.

Gurudumu_la_Tano
Nafuatilia. Langu linavuja pia, lakini ni tone moja tu kila sekunde, sijali.

HesabuZangu
Tone moja kila sekunde hulijali? Siku ina sekunde 86,400. Mililita 1 ina matone kama 20, kwa hiyo unapoteza zaidi ya lita 4 kwa siku.

MkemiaWaGereji
Hesabu nzuri ila rekebisha hapo kwenye tone. Matone 20 kwa mililita ni ya maji. Dizeli haina mvuto wa uso kama maji, tone lake ni dogo, na ukubwa unategemea linaning'inia wapi. Weka lita 2 hadi 4. Bado ni nyingi, ndugu Gurudumu.

Sasa kuhusu hoja ya sulfa. KifaruChuma yuko nusu sahihi. Sulfa yenyewe hailishi mpira. Kazi ya kiwandani ya kuondoa sulfa hupunguza pia kemikali nyingine ziitwazo aromatiki, na hizo ndizo zinazoingia ndani ya mpira wa naitrili (mpira wa kiwandani wa sili nyingi za zamani) na kuuvimbisha. Oringi (pete ya mpira ya kuzibia) iliyokaa miaka ndani ya dizeli ya zamani imevimba na kuzoea hali hiyo. Ukiiwekea dizeli yenye aromatiki chache inasinyaa, na kwa kuwa imeshakuwa ngumu haina tena nguvu ya kurudi kubana. Marekani walipoteremsha kiwango cha sulfa hadi sehemu 500 kwa milioni mwaka 1993, magari ya zamani yalianza kuvuja kwenye pampu. Dawa yake ni sili za Viton, aina nyingine ya mpira wa kiwandani, ambazo hazibabaishwi na mabadiliko hayo.

Nati17
Mkemia nakuheshimu, ila mimi nimefungua pampu nyingi na ninachokiona mezani ni uzee. Oringi ya shafti ya mkono wa mafuta ninayoitoa haiko duara tena. Imekaa bapa pande mbili, ukiikunja inakatika kama tambi kavu. Joto la injini kwa miaka 30 linatosha kufanya hivyo, sulfa au bila sulfa. Nina injini mbili zinazonyweshwa kwenye tangi moja, moja inavuja na nyingine kavu. Iliyovuja ndiyo yenye ekzosti inayopita karibu na pampu.

MkemiaWaGereji
Injini mbili haziwezi kumaliza mjadala, fundi. Lakini nakubali joto linachangia. Na kama mafuta yamechanganywa na dizeli ya mimea, hapo kuna habari nyingine: hiyo inalainisha mipira ya asili na baadhi ya naitrili mpaka inakuwa kama ulimbo. Ukitoa mpira wa zamani ukaupata unanata na umevimba, mtuhumiwa ni mwingine kabisa kuliko ule mgumu uliosinyaa.

BiSpana
Wakati mnabishana, mwenye uzi bado anadondosha. KifaruChuma, kwenye pampu za aina yako mvujo una sehemu zake zinazojulikana. Nazitaja kwa mpangilio ninaozikuta:

Shafti ya mkono wa mafuta juu ya pampu, pale waya wa pedali unapovuta. Kuna kaoringi kadogo ndani. Ukiona dimbwi dogo juu ya kifuniko cha pampu, ni hapo.

Gasketi ya kifuniko chenyewe.

Kichwa cha nyuma kinapokutana na bodi. Hapo pana oringi kubwa, dizeli inatoka chini ya kichwa na kufuata bodi kwenda mbele.

Vali 4 za kutolea mafuta, pale paipu ngumu zinapofungwa. Chini yake kuna washa za shaba.

Sili ya mbele ya shafti. Hii ni mbaya kwa injini ya belti ya taimingi, maana dizeli inalowesha belti, na belti iliyolowa dizeli usiitegemee hata kilomita moja.

Ndani ya pampu hiyo kuna pampu ndogo ya mapanga inayojaza bodi kwa presha ya bar kadhaa, na presha inapanda na mizunguko. Kwa hiyo jaribu: ikae silensa (ingurume bila kukanyaga mafuta), kausha juu ya pampu kwa kitambaa, halafu mtu apandishe mizunguko hadi 2,500 kwa dakika. Ikilowa haraka, dizeli inatoka ndani ya bodi. Mvujo wa mpira wa ritani haubadiliki sana.

PaipuNgumu
Naongezea kwa BiSpana kwenye zile vali 4. Ukifungua nati ya paipu, shika vali kwa spana ya pili. Nimeona mtu anafungua nati ya 17 kwa mkono mmoja, vali nayo ikazunguka pamoja nayo, na washa iliyokuwa nzima ikaanza kuvuja siku hiyo hiyo.

Na paipu ikivuja kwenye nati usikimbilie kukaza. Legeza kwanza, itazame ile koni ya mwisho wa paipu. Ikiwa na mkwaruzo au uchafu, kukaza kunazidi kuiharibu. Paipu ikae yenyewe kwenye kiti chake kabla nati haijashika. Ukihitaji kuivuta kwa nguvu ili ifike, itapasuka. Zile klipu zinazoshikanisha paipu mbili mbili, zirudishe. Watu wanazitupa wakidhani ni urembo, paipu inatetemeka mpaka inapata ufa mwembamba kama unywele.

Gurudumu_la_Tano
Huo ufa unautafutaje? Mimi ningepitisha kidole nione palipolowa.

MzeeWaNozo
USIFANYE HIVYO. Samahani kwa herufi kubwa lakini nataka kila anayepita aone.

Nozo za zamani zinafunguka kwa presha ya zaidi ya bar 100, nyingine zaidi ya 200. Mshipa wa dizeli unaotoka kwenye ufa kwa presha hiyo unapenya ngozi kama sindano. Mwenzangu tuliyefanya naye kazi alipitisha kidole cha shahada kwenye paipu. Alisema amehisi kama amechomwa na mwiba. Tulipotazama, palikuwa na kitundu cheupe kidogo kuliko kichwa cha pini, hakuna damu. Akafuta mkono kwenye ovaroli akaendelea. Baada ya saa chache kidole kilivimba, kikawa cha rangi ya kijivu, na maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko. Walimpasua usiku ule ule kusafisha, na kidole hakikupona chote.

Tumia kipande cha kadibodi, kishike mbali na mkono, kipitishe karibu na paipu. Kadibodi italowa au kukatwa. Vaa miwani. Na ikitokea umechomwa, usisubiri maumivu: nenda hospitali mara moja, uwaambie wazi kwamba ni dizeli ya presha, kwa sababu kwa macho kidonda kinaonekana si kitu.

Gurudumu_la_Tano
Asante mzee. Nimeelewa, na nimemsomea mdogo wangu anayejifunza ufundi.

TangiTupu
Jamani dizeli si petroli, haiwaki ovyo. Mnatisha watu.

MzeeWaNozo
Dizeli iliyomwagika sakafuni ni kweli, mpaka ifike joto la nyuzi 52 hadi 55 hivi ndipo mvuke wake unashika moto kwa kiberiti. Lakini ikitoka kama ukungu inabadilika tabia. Na inajiwasha yenyewe bila cheche kwenye zaidi kidogo ya nyuzi 200, wakati manifoldi ya ekzosti ya injini inayovuta mzigo inapita hapo mbali sana. Paipu yako ngumu iko umbali gani na manifoldi?

TangiTupu
Kwenye yangu ni kama shibiri moja. Basi sawa.

Mimi mvujo wangu ulikuwa kwenye tangi, ufa kwenye mshono. Nilisugua kipande cha sabuni ya mche mpaka kikajaa ufa, ikazuia wiki 2. Dizeli haiyeyushi sabuni.

BiSpana
Sabuni inakufikisha nyumbani, naikubali. Kwa kutumia wiki 2 umekuwa jasiri mno. Maji ya mvua yakiigusa inaondoka.

KifaruChuma
Shukrani nyingi, nasoma kila mstari. Nimeosha na kuweka poda kama alivyosema Nati17. Matokeo: juu ya nozo pakavu kabisa. Filta kavu. Poda imelowa sehemu mbili: kuzunguka shafti ya mkono wa mafuta, na kidogo chini ya kichwa cha pampu. Nikipandisha mizunguko, pale kwenye mkono panatoka kitone kinakua polepole, kinatetemeka, kisha kinateleza ubavuni.

Je, ile kukohoa asubuhi ni ugonjwa huo huo?

BiSpana
Kwa maoni yangu, ndiyo. Injini ikizimwa, dizeli inapoa na kutaka kurudi kwenye tangi lililo chini. Ile oringi iliyotoa mafuta yakiwa na presha ndiyo inayoingiza upepo usiku. Asubuhi unawasha kwa mafuta yaliyobaki kwenye paipu, sekunde 3, halafu upepo unafika.

Nati17
Inawezekana, lakini mimi ningemkamata kwanza mwingine. Upande wa kuvuta, kuanzia tangi hadi pampu, mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Tundu la upande huo halidondoshi wakati injini inafanya kazi, linanyonya upepo tu. Mpira mkavu kwa nje unaweza kuwa mbovu. Kile kipampu cha mkono juu ya filta nacho kina kiwambo na vali ya kuzuia kurudi, vinazeeka kimyakimya.

Weka kipande cha mpira angavu kabla ya pampu uangalie mapovu. Kisha fanya jaribio hili: chukua dumu safi, jaza dizeli, lining'inize juu kuliko pampu, peleka mpira wake moja kwa moja kwenye pampu na ritani uirudishe kwenye dumu. Liache usiku kucha. Asubuhi ikiwaka bila kukohoa, upepo unatoka upande wa tangi.

MamaTrekta
Hapo Nati17 nakupinga kidogo. Dumu likiwa juu, dizeli inasukuma kwa uzito wake usiku kucha, kwa hiyo hata oringi mbovu ya pampu haitanyonya upepo; itadondosha tu. Jaribio litasema "tangi" wakati kosa ni la pampu.

Nati17
Umenipata. Basi aangalie pamoja na doa: dumu likiwa juu na doa likaongezeka usiku, pampu nayo imo.

Kijana_wa_Oringi
Habari wakuu. Naomba kuuliza, washa za shaba naweza kuzitumia tena? Na teipu nyeupe ya mabomba inafaa kwenye bolti za mafuta?

PaipuNgumu
Teipu hapana kabisa. Nyuzi zake zinakatika, zinaenda na mafuta hadi kwenye nozo, na kitundu cha nozo ni chembamba kuliko uzi huo. Silikoni nayo inalainika ndani ya dizeli na kumeguka. Bolti hizo zinazibwa na washa, si na meno yake.

Washa ya shaba mpya ni bora. Ukikosa, ichome hadi iwe nyekundu, iache ipoe polepole, isugue kwa msasa laini juu ya kioo.

MzeeWaNozo
Kuipoza polepole ni mambo ya chuma. Shaba ukiichoma inalainika, uitupe kwenye maji au uiache hewani ni sawa. Maji yana faida moja: yanabandua lile gamba jeusi.

PaipuNgumu
Nimefundishwa polepole na zangu hazijawahi kuvuja.

MzeeWaNozo
Hazivuji kwa sababu ulizichoma, kijana wangu.

Kijana_wa_Oringi
Asanteni wote wawili. Halafu nimesikia pampu hizi ni uvumbuzi wa Rudolf Diesel mwenyewe?

HesabuZangu
Hapana. Injini yake iliyofanya kazi mwaka 1897 ilipuliza mafuta kwa hewa iliyobanwa, na kompresa yake ilikuwa kubwa mno kuweza kubebwa na gari. Pampu za kusukuma mafuta yenyewe zilienea baada ya Bosch kuanza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1927.

KifaruChuma
Wakuu, nimebadilisha oringi ya shafti, ya Viton. Nieleze nilivyofanya ili mwingine afaidike.

Niliosha pampu tena kabla ya kufungua, maana mchanga mmoja ndani ni hasara. Nilichora alama kwa msumari kati ya mkono na ncha ya shafti, kwa sababu mkono unakaa kwenye meno madogo na jino moja tu likikosea, silensa na nguvu vinabadilika. Nikatoa springi, mkono, kisha bolti 4 za kifuniko. Kifuniko hakitoki hivi hivi. Chini yake shafti imeshikana na springi ya gavana (kidhibiti mizunguko) kwa kindoano; unakinyanyua kidogo, unakitelezesha pembeni mpaka kinachomoka. Ukivuta kwa nguvu unaikunja. Oringi ya zamani ilitoka ikiwa bapa kama alivyosema Nati17, na ilikatika nilipoigusa kwa ncha ya bisibisi. Lakini Mkemia naye asikilize: ilikuwa imelegea ndani ya mfereji wake, kama imesinyaa.

Nilijaza dizeli safi kwenye pampu, nikafunga, nikatoa upepo kwa pampu ya mkono.

BiSpana
Kazi safi. Natumaini hukuchanganya bolti mbili za mafuta. Ile ya ritani imeandikwa OUT na ina kitundu chembamba ndani kinachotunza presha. Ukiiweka upande wa kuingilia, injini inakosa nguvu, na utahangaika bila kujua kwa nini.

KifaruChuma
Sikuzigusa, ila nimezitazama, ziko mahali pake.

Siku ya 4 leo. Juu ya pampu pakavu kabisa. Doa limebaki la ukubwa wa sarafu, linatoka chini ya kichwa. Asubuhi bado inakohoa, mara moja tu badala ya tatu. Kwenye mpira angavu naona povu moja la ukubwa wa punje ya mtama likipita, halafu hakuna tena.

BiSpana
Ni kichwa. Oringi kubwa.

Nati17
Povu likionekana kabla ya pampu, limetoka upande wa tangi. Kichwa kinavuja, sikatai, lakini povu hilo ni la filta au mpira wa tangi.

MkemiaWaGereji
Au ni upepo unaotoka ndani ya pampu na kurudi kwenye mpira wa kuingilia dizeli inaposhuka usiku. Povu ulilitazama kabla ya kupiga stata, au baada?

MzeeWaNozo
Kichwa usikifungue nyumbani, ndugu yangu. Nyuma yake kuna springi na shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za pistoni ya ndani; zikianguka hutajua kila moja ilikaa wapi. Mpelekee fundi pampu mwenye meza ya kupimia. Kuhusu povu, jibu kwanza swali la Mkemia.

KifaruChuma
Baada ya kupiga stata. Kesho nitaweka tochi kwenye mpira kabla sijagusa ufunguo.